Mikono ya Phineas Iko Magotini

Jumanne, 2 Aprili 1996

Phineas amekuja! Bila barua, bila kupiga simu kwa duka la Elkanah, bila kitu. Nilikuwa nimeinama kwa shimo nachota udongo, nikasikia "Mama" nyuma yangu. Nikadhani ni dada yake Maurine ana homa, sauti ilikuwa chini hivyo. Kugeuka — ni yeye! Begi moja. Hana nguo za kazi, hana kofia ya urubani. Nikamkumbatia na udongo wote mikononi, shati jeupe likawa rangi ya udongo wa hapa Ilesi.

Anasema amepewa likizo. Likizo gani? Krismasi alisema hawezi kupata hata siku mbili.

Nimechinja kuku, ingokho yenyewe, nimesonga obusuma, ugali wa wimbi vile anapendanga. Amekula kidogo, anachezea. Hata imondo, firigisi ya mwanamume wa nyumba, ameiacha kwa sahani. Tangu baba yao afe hajawahi kuiacha. Nimeifunika.

Elkanah, ndugu ya marehemu, amekuja kumsalimia. "Rubani! Umeegesha ndege wapi, kwa migomba?" Watu wote wakacheka. Phineas akacheka wa mwisho, kama mtu anakohoa.

Kuna kitu.

Jumatano, 3 Aprili

Sijui niandike vipi.

Asubuhi Phineas alikuja kukaa na mimi hapa kwa kibanda cha kufinyangia. Nilikuwa na vyungu vya maua, oda ya Nairobi. Siku hizi natumia zile kalibu za plasta ambazo watu wa projekti walituletea mwaka wa tisini na mbili. Unamwaga udongo uliolainishwa kama uji, unaangalia saa, masaa matatu, unafungua. Chungu hicho. Vyote sawasawa kama mayai.

Akaniangalia muda mrefu. Akauliza, Mama, sasa hapo kazi yako ni gani? Nikamwambia, kuangalia saa.

Na mimi nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza miaka yote sita. Ndege kubwa hivyo, watu zaidi ya mia, unaishikaje? Haikushindi nguvu?

"Siishiki, Mama."

"Nani anaishika? Kapteni?"

"Inajishika."

Nikadhani ananichezea. Akaanza kunieleza pole pole. Kuna mashine ndani, inaitwa otopaileti. Rubani anazungusha namba — elekea huku, panda mpaka hapa, mwendo huu — na ndege inatii. Wakati wa kuruka ndiye anashika usukani. Dakika mbili, tatu. Halafu anabonyeza. Basi. Mpaka kule waendako. Siku zingine hata kutua inatua yenyewe.

"Na mikono yako inakuwa wapi?"

"Magotini."

Magotini! Mungu wangu! Miaka sita mimi Teresa napiga magoti kila asubuhi nasema Bwana shika mikono ya Phineas, Bwana itie nguvu mikono ya Phineas, na mikono ya Phineas imekaa tu juu ya suruali kama ya mgeni anayengoja chai!

Nilisimama nikaenda nje. Nikarudi. Nikasahau saa. Vyungu vinne vimepasuka ndani ya kalibu.

Alhamisi, 4 Aprili

Ndege imepita juu sana ikienda upande wa Uganda. Ule mstari mweupe. Nimesimama na jembe mpaka mstari ukaisha. Watu wanakunywa soda huko ndani, na mbele kuna wanaume wawili, mikono magotini.

Nimemwambia Maurine. Huyu msichana tangu amalize fomu foo ana jibu kwa kila kitu. "Mama, kwani posho mill ya kusaga mahindi nani anaizungusha kwa mkono?"

Posho mill haianguki, nikamwambia.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Leo nimejua. Afadhali ningebaki sijui.

Tulitoka kwa Njia ya Msalaba, mimi na yeye tukabaki nyuma. Hakuongea mpaka tukafika pale kwa daraja. Hapo akasimama akashika chuma cha daraja na mikono yote miwili. Akasema Mama, sina likizo. Nimesimamishwa.

Nitaandika vile alisema, nisisahau, nisiongeze.

Ilikuwa mwezi uliopita, tarehe kumi na mbili, saa kumi jioni, wanashuka Mombasa. Mvua kubwa. Phineas ndiye alikuwa na zamu ya kuendesha, kapteni anaongea kwa redio. Ndani ya wingu zile saa za kupimia mwendo zikaanza kubishana, moja inasema hivi, nyingine vile. Mashine ikiona hivyo inakataa kazi. Kengele ikalia — na otopaileti ikajizima. Yaani ikamrudishia ndege. Chukua, ni yako!

Akashika. Na mikono haikujua.

Anasema aliangalia usukani kama kitu cha mtu mwingine. Akavuta. Kwa nini alivuta, mpaka leo hajui. Pua ya ndege ikainuka, mwendo ukaisha, na usukani ukaanza kutetemeka wenyewe — wameuweka hivyo, ukitetemeka maana yake unakaribia kuanguka. Chai za watu zimemwagika huko nyuma. Mtoto mmoja analia. Na yeye bado anavuta!

Kapteni ndiye alipiga kelele, "Nipe!" Akasukuma pua chini, akaongeza moto wa injini, wakatoka. Wakatua. Watu wakapiga makofi. Makofi, Mama, anasema. Walidhani ni upepo.

Walikuwa mia moja arobaini na mmoja.

Nilikaa chini pale pale kwa daraja na kanga yangu ya kanisani. Sikujali nani anapita.

Halafu hasira ikanishika, sijui ilitoka wapi. Nikamfokea. "Umesahau kuendesha ndege? Wewe? Si ulisomea? Si tuliuza shamba la mtoni? Mimi nafinyanga miaka arobaini, uliniona nimesahau chungu?" Mzee mmoja akavuka daraja, akaangalia upande mwingine kwa heshima.

Hakunijibu vibaya. Akasema hajasahau, kitabu chote kiko kichwani. Lakini miaka sita kampuni inawaambia tumieni mashine, ni laini, haimalizi mafuta, abiria hawasikii kitu. Alikuwa akiwaomba makapteni wamwachie ashushe kwa mkono, wengine wanamwambia unataka kuwasumbua watu bure? Akaacha kuomba. Mwisho hata hamu ikaisha, akawa anaogopa kidogo kushika, na hakumwambia mtu.

Tarehe kumi na saba ana tesiti Nairobi. Kuna chumba kimetengenezwa kama mbele ya ndege, kiko juu ya miguu ya chuma, kinatikisika kama kweli. Watamzimia kila kitu aendeshe kwa mkono. Ni mara moja tu. Akishindwa, urubani umeisha.

Siku kumi na mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimewaza kitu kibaya na nitakiandika hapa kwa sababu siwezi kukisema kwa padri. Nimewaza: ashindwe. Ashindwe arudi nyumbani, alime, awe fundi wa redio, awe hai. Halafu nikaona aibu, nimemsomesha kwa jasho halafu nimwombee kushindwa.

Halafu nikawaza wale mia moja arobaini na mmoja. Wana mama zao.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Aibu ya leo! Padri baada ya matangazo akasema tuko na mtoto wetu hapa, rubani wa ndege kubwa, asimame tumwone. Phineas akasimama. Ameinamisha kichwa. Kanisa lote makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nje, Elkanah akamshika mkono akauinua juu watu waone. "Hii mikono! Hii mikono imeshika ndege mpaka Ulaya!" Watoto wakapanga laini wauguse.

Nilitaka ardhi inifiche.

Sasa kuna mzee mmoja alikuwa amesimama kando, mfupi, miwani ya jua, koti la ngozi na hili joto. Anaitwa Wangila, namjua kwa macho tu. Ndiye anaendesha kile kindege cha makanisa kinacholeta dawa pale uwanja wa ndege wa Kakamega. Zamani alikuwa akinyunyizia mashamba ya ngano dawa kutoka juu. Watu walipopungua akamkaribia Phineas. Hakumpa hata hongera. Akasema pole pole, lakini mimi nilisikia:

"Kijana, hiyo sura naijua. Walikusimamisha lini?"

Phineas machozi yakamtoka, pale nje ya kanisa, siku ya Pasaka!

Mzee akamwambia njoo Alhamisi, saa mbili. Usikuje na kitabu.

Jumatatu, 8 Aprili

Jirani Masinde amekuja. Mwezi wa tano mwishoni wanafanya kumbukumbu ya marehemu baba yake, na wazee wamesema hawawezi kukaa wazungukie ndoo ya plastiki. Anataka chungu cha pombe, kile kikubwa, cha kunyonya kwa mirija, watu kumi na wawili. "Cha mkono, Mama Phineas. Hivyo vya projekti ni vya kupandia maua."

Nikamwambia hicho tu? Nitakufinyangia nikiwa nimelala.

Phineas alikuwa anasikia. Nilisema kwa sauti. Nilitaka asikie.

Jumatano, 10 Aprili

Kimeanguka.

Chungu kimeanguka! Mimi! Mkono umekataa kuandika asubuhi yote.

Nilianza jana. Nikaweka kitako juu ya kigae, nikazungusha kamba za udongo, nikapandisha mpaka tumboni. Mikono ilikuwa mizito mwanzoni, ikakubali. Mtu anajenga nusu ya chini, anaiacha ikaze, halafu anaongeza ya juu. Nikaiacha. Nikaenda kupalilia mahindi, nikarudi, nikaongeza. Ilikuwa inapendeza! Niliita Maurine aje aone. Nilikuwa nimefika kwa shingo, najisifu, na chungu kikapiga magoti. Pole pole, kama ng'ombe anayelala. Tumbo likatoka nje, shingo ikaingia ndani, mwisho ni rundo.

Nilikaa hapo na mikono hewani. Miaka arobaini! Mama yangu alinifunza nikiwa na miaka saba, nilikuwa nafinyanga na mtoto mgongoni, nilikuwa nafinyanga nikigombana na watu.

Hesabu yangu — tangu kalibu zije sijainua chungu kikubwa hata kimoja. Miaka minne.

Maurine alisimama kwa mlango. Akafunika mdomo, lakini maneno yakampita kwa vidole: "Mama. Hata wewe umejizima."

Nilimtupia bonge la udongo. Likampata. Tukacheka mpaka nikalia.

Phineas hakucheka. Alipiga magoti akaanza kunikusanyia ule udongo. Nikakumbuka vile nilimfokea kwa daraja. Nikamwambia, baba, nisamehe. Akasema hakuna shida Mama. Lakini nilimwona anaangalia lile rundo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu ameona ndege yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Phineas alienda kwa Mzee Wangila mapema, na baiskeli ya Elkanah. Amerudi saa saba, amelowa, mvua ya saa sita ilimkuta njiani. Nikampa chai. Nikangoja. Sikuuliza. (Niliuliza. Mara tatu.)

Anasema kindege chenyewe ni kidogo kuliko jikoni yangu. Hakina mashine ya kujishika. Mzee Wangila alimpa usukani hata kabla ya kufunga mlango. "Nyinyi watu wa vidude! Shika. Haiumi."

Na mikono ilirudi! Anasema dakika kumi tu za kuyumbayumba kama mlevi, halafu mikono ikakumbuka. Anainua, anashusha, anageuza. Alikuwa anacheka peke yake huko juu. Nikapiga makofi — basi! Imeisha! Asante Yesu!

Akasema ngoja, Mama.

Mzee akatoa hanchifu mfukoni akafunika zile saa zote za mbele. Akamuuliza, sasa niambie tuko wapi. Phineas akaangalia chini. Akaona msitu, akaona barabara, akaona mabati. Akasema, hajui. Mzee akazunguka tena. Tuko wapi? Hajui.

"Mama, tulikuwa juu ya Ilesi. Tulikuwa hapa. Juu yako. Sikuona nyumbani."

Mtoto niliyemzaa hapa! Aliyechunga hapa, akaoga kwa huu mto, akapanda ule mwamba wetu, Jiwe Linalolia, mpaka nikamchapa!

Mzee Wangila akamwambia hivi — nimemfanya Phineas arudie mara mbili. Mikono yako haina ugonjwa, mikono ni kama mbwa, ukirudi baada ya miaka inakutambua. Ugonjwa wako ni kungoja kuambiwa. Kila kitu umekuwa ukiambiwa: uko hapa, unaenda huku, mwendo huu. Siku ile wingu lilipokataa kukwambia, hukuwa mahali popote. Mtu ambaye hayuko popote atavuta tu.

Nimeenda kwa kibanda nikaangalia lile rundo la Masinde. Nikakaa.

Mikono yangu haikukosea. Nimekumbuka vizuri kabisa. Juzi nilipoweka ile nusu ya chini, niliangalia saa ukutani. Ilikuwa saa nne. Nikaenda shambani. Nikarudi saa saba, nikaongeza. Masaa matatu! Masaa ya projekti! Ya plasta! Na mvua ilikuwa imenyesha katikati, udongo bado mbichi kama uji, na mimi sikuweka hata kiganja. Mama yangu alikuwa anaweka kiganja kwa tumbo la chungu na kufunga macho. Hakuwa na saa maisha yake yote.

Sikukigusa. Nilisoma tu saa.

Nimetetemeka hapo peke yangu. Sijui nilitetemekea chungu au ndege.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nilienda naye Kakamega. Nilisema kama atakufa afadhali nione. Mzee Wangila akaniambia, "Karibu mama rubani, unataka kupanda?" Nikamwambia mimi miguu yangu iko sawa hapa chini. Akacheka. Meno mawili hana.

Ilibidi kwanza tufukuze ng'ombe za watu kutoka uwanjani. Kweli! Phineas na viatu vyake vya Nairobi anafukuza ng'ombe.

Wakapaa. Nilishika nguzo ya ua. Kindege kikawa kama nzi, kikapotea nyuma ya mawingu ya msitu. Kilipotea muda mrefu. Nilisema rozari mzunguko mzima, nikasema nyingine, nikaanza ya tatu nikasahau iko wapi. Halafu nikasikia injini — halafu sikusikia! Imenyamaza! Nilipiga nduru, mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo akaja mbio kunishika. Kindege kinashuka bila sauti, kama mwewe, kinakuja, kinakuja, kikagusa, kikaruka kidogo, kikagusa tena. Kikasimama.

Mzee aliinyamazisha injini makusudi! Akamwambia peleka nyumbani. Na Phineas alijua nyumbani ni wapi.

Nilimgombeza yule mzee mpaka sauti ikaisha. Akavua kofia. "Mama, afadhali ajaribiwe hapa kuliko kule na abiria."

Njiani Phineas akaniambia safari hii alikuwa anasema kwa sauti kabla mzee hajauliza. Ule ni mto Isiukhu. Ile ni barabara ya Mumias. Upepo unanisukuma kushoto. Dakika mbili nitakuwa juu ya miwa. Amekosea mara mbili tu.

Mara mbili, nikawaza. Mara mbili ni nyingi.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya misa nimemfunga leso machoni. Nimemshika mkono tumetembea shambani, mimi na yeye, jirani wanatuangalia juu ya ua wakidhani tumerukwa. Mto uko wapi? Anaonyesha. Jiwe? Anaonyesha. Jua liko upande gani? Shavu la kulia, Mama. Kaburi la baba yako? Hapo akasimama. Akageuka pole pole, akaonyesha. Sawa kabisa.

Maurine amepita na ndoo. "Muulize na bibi wa kumuoa atatoka wapi." Phineas akaonyesha juu mbinguni.

Amekula obusuma yote. Imondo pia.

Jumanne, 16 Aprili

Ameenda. Basi la saa tatu. Nimemfungia ndizi na karanga kama anaenda bweni.

Kabla ya kupanda akaniuliza, "Mama, utaniombea nipite?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo iko hapa kwa ulimi. Lakini nikaona wale watu na chai zao. Mtoto anayelia.

Nikamwambia nitaomba hivi: kama unajua, upite. Kama hujui, usipite.

Nilidhani nimemchoma. Halafu akaniinamia, akaweka paji la uso kwa bega langu kama alipokuwa mdogo. Akasema, hiyo ndiyo. Omba hiyo.

Mimi ni mama wa aina gani?

Nimerudi nimeanza chungu cha Masinde upya. Kitako, kamba, tumbo. Nimefunika na majani ya migomba. Saa ya ukutani nimeigeuza, uso uangalie ukuta.

Jumatano, 17 Aprili

Sijui ni saa ngapi. Jua lilitoka, likaingia mawinguni. Maurine nimemtuma tangu asubuhi akae kwa duka la Elkanah karibu na simu, asitoke hata akiitwa na Papa.

Chungu bado. Nimeweka kiganja mara tano. Ubaridi unakaa ndani, unapanda kwa mkono. Jana mchana yangekuwa yameisha masaa matatu, na ningeongeza, na kingeanguka.

Elkanah alipita na baiskeli. Anasema Mama Phineas, usiogope, yule ni simba. Bado hajui kitu. Anadhani ameenda kozi. Nikamwambia asante shemeji.

Sasa hivi — Maurine! Anakimbia, kiatu kimoja mkononi.

Amepiga! Phineas amepiga simu! Nimemwambia Maurine pumua kwanza, halafu sema vile alisema, usiongeze ya kwako.

Haijaisha. Ni vipande viwili. Asubuhi walimzimia mashine, akashusha kwa mkono mara nne. Mara ya kwanza jasho mpaka kwa macho. Zingine sawa. Yule mtahini ana masharubu, hasemi chochote, anaandika tu. Sasa wametoka kula. Phineas hajala.

Saa nane ndio kile kipande chenyewe. Wingu, mvua, saa za mwendo zinabishana. Kama ile siku. Kama Mombasa kabisa.

"Alisema nini tena?"

Alisema mwambie Mama, pale mara ya nne nilisema tuko wapi kabla mtu hajaniuliza. Yule wa masharubu akainua kichwa.

Hiyo tu. Sarafu zikaisha, simu ikakatika.

Nimeuliza, akainua kichwa vipi? Vizuri ama vibaya? Maurine anasema, Mama, ilikuwa simu.

Mvua inakuja upande wa msitu, naisikia kwa mabati ya Masinde. Maurine anataka kugeuza saa tuone kama ni saa nane. Nimemwambia aache. Ananiangalia kama nimerukwa. Aache tu. Hata tukijua ni saa nane tutafanya nini nayo?

Bwana, kama anajua. Siongezi.

Nimeondoa majani. Nimeweka kiganja kwa tumbo la chungu, nimefunga macho kama mama yangu. Ubaridi umetoka. Nasukuma kidogo, kinanisukuma pia. Sasa. Si jana, si kesho. Nikingoja mvua ifike, kitakuwa kimeharibika.

Maurine lete zile kamba za udongo, haraka, naacha kalamu